Mliowahi kudungwa sindano za Kichina kiunoni (pointi ya Mingmen), tupeane uzoefu

Wakuu habarini. Mi dereva wa lori, kiuno kimenitesa miaka mitatu, diklofenaki nimemeza mpaka tumbo likaanza kuuma, juzi kati jamaa akanipeleka kwa daktari Mchina wa sindano kavu, zile zisizo na dawa (akupancha). Akanilaza kifudifudi akanishika mifupa ya nyonga kwa juu, gumba zake zikakutana katikati ya mgongo, akasema hapo ndo usawa wa pingili ya nne ya kiuno, akapanda anahesabu hadi ya pili, kile kibonde cha chini yake ndo Mingmen, yaani lango la uhai, ukizunguka mbele unakutana na kitovu. Sindano nyembamba kama unywele, kuingia sikuisikia, ila alipoizungusha nikasikia uzito umetulia pale kama kuna mtu kanikandamiza na dole. Dakika 20 hivi. Nimeenda mara sita, sasa navaa viatu nimesimama. Nanyi leteni yenu.

mama_wawili: Mi walinidunga pembeni, kulia na kushoto ya hiyo Mingmen, panaitwa Shenshu, wanapima upana wa gumba lako mwenyewe mara moja na nusu. Yani aliponigusa tu nikamkumbuka bibi, nilipojifungua alikuwa ananikanda na maji ya moto palepale! Maumivu yamepungua kama nusu, nikibeba ndoo yanarudi.

mpemba wa bara: Wachina wa tiba wako Zanzibar tangu 1964, kwetu sindano si kitu kigeni. Mzee wangu alichomewa moksa, majani makavu ya jamii ya pakanga, yanawashwa karibu na ngozi, chumba kizima moshi. Wao wanasema figo ndo mzizi wa nguvu na Mingmen ndo moto wake, ukipoa mtu anapata kiuno baridi, mkojo wa mara kwa mara, nguvu za kiume zinashuka. Mzee alikuwa anaamka mara tano usiku. Kiuno kilipona kweli, mkojo ukabaki vilevile, kwenda kupima kumbe tezi dume imevimba. Tungepima mapema aisee, tulipoteza miezi.

fundi kiti: Mi haikunisaidia, nasema ukweli. Maumivu yalikuwa yanashuka hadi unyayoni, picha ikaonyesha diski imebana mshipa wa fahamu, mazoezi ya fizio ndo yakaniinua. Na jamani ukiona ganzi katikati ya mapaja au mkojo haushikiki, usiende kwa sindano, kimbia hospitali siku hiyohiyo.

mama_wawili: Na hakikisha pakiti ya sindano inafunguliwa mbele ya macho yako.

Mleta mada: Mkuu fundi, asante, mi mguu wa kushoto huwa unakufa ganzi nikiendesha muda mrefu na sikuwahi kumwambia daktari. Jumatatu nakwenda kupiga picha kwanza, ntarudi niwaambie.