Bano lililochapwa kwa leza limekatika ingawa cheti kinasema ni imara: naomba ushauri

FundiKeko: Wakuu, heshima kwenu. Nina karakana ndogo ya jenereta hapa Keko. Mteja wangu alichapiwa nje ya nchi bano la kushikilia alteneta, kwa leza inayoyeyusha unga wa aloi ya AlSi10Mg (aluminiamu yenye silikoni na magnesiamu kidogo), kwa sababu bano la asili halipatikani tena madukani. Baada ya wiki sita limekatika penye kona, ilhali cheti chake kinaonyesha kwamba sampuli ilihimili mvuto wa MPa 430 (megapaskali, kipimo cha nguvu ya metali), kiasi ambacho aluminiamu ya kusubu ya aina hiyo haikaribii. Sehemu iliyokatika ni bapa, haikujikunja hata kidogo, na nikiitazama kwa lenzi naona vishimo vyenye punje za duara zinazong'aa, ndogo kuliko ulezi. Mteja anataka niagize lingine kama hilo. Nikubali?

Mzee wa Kalibu: Mkuu, usiagize kwanza. Punje hizo ni unga ambao haukuyeyuka. Leza hujenga kitu tabaka juu ya tabaka, kila moja likiwa na unene wa sehemu chache za mia za milimita, na pale ambapo joto halikutosha kuunganisha tabaka na lililo chini yake hubaki vishimo bapa vilivyolala sambamba na matabaka. Ukivuta kwa kufuata matabaka, vishimo hivyo havina madhara makubwa. Ukivuta kwa namna ya kuyatenganisha, kila kimoja ni mwanzo wa ufa. Waulize bano lilisimama vipi mashineni na sampuli ya cheti ilisimama vipi, kwa maana mara nyingi sampuli hulazwa.

Mama Metali: Naongezea jambo ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Cheti kinapima mvuto wa mara moja, lakini bano la jenereta hutikiswa mamilioni ya mara, na huo ni uchovu wa metali, ambao hautabiriki kwa namba ya MPa 430. Angalia tena penye mkatiko: ukiona mistari iliyopinda kama ile ambayo maji huiacha kwenye mchanga wa Kigamboni yanapokupwa, fuata inakoanzia. Naamini itakupeleka kwenye kishimo kilicho karibu na uso, au kwenye uso wenyewe, ambao ukitoka mashineni huwa na mikwaruzo ya kutosha kuanzisha ufa.

Namba hiyo pia inasema jambo jingine. Nguvu ya aloi hii ikitoka kwenye leza hutokana na wavu mwembamba sana wa silikoni unaojengeka metali inapopoa ghafla. Ikipashwa nyuzi 300 kwa saa mbili ili kuondoa mkazo uliobaki ndani, wavu huo huvunjika, nguvu hushuka chini ya MPa 300 au karibu na hapo, na metali hunyumbuka zaidi. Kwa hiyo sampuli ya MPa 430 karibu hakika haikupashwa. Je, bano lenyewe lilipashwa?

FundiKeko: Dada, mistari ipo, na inaanzia kwenye kishimo cha kona. Wamenijibu kwamba bano lilichapwa likiwa limesimama, sampuli ikiwa imelala, na hakuna kilichopashwa. Sasa wanapendekeza lingine litakalokandamizwa kwa gesi ya moto ili vishimo vijifunge.

Mama Metali: Vya ndani vitajifunga, vilivyofunguka kwenye uso havitajifunga, kwa kuwa gesi huingia humo humo. Joto la kazi hiyo nalo litaumaliza wavu wa silikoni.

Mzee wa Kalibu: Umbo la bano lako ni la kawaida, halihitaji leza. Nunua bamba nene la 6082-T6 (aina ya aluminiamu ya kawaida, isiyochapwa kwa leza), ambalo hufika takriban MPa 300 bila vishimo vya namna hii, ulipeleke kwa mchongaji wa Gerezani, na umwambie kona ya ndani aiviringe, asiiache kali.

FundiKeko: Nashukuru sana. Kipande kilichokatika nakwenda nacho kesho asubuhi ili achukue vipimo vya matundu ya bolti.