Naomba ushauri: visiwa vya Ssese kwa bajeti ndogo, watu sita

Wakuu, habari. Tunapanga siku nne Ssese, Ziwa Victoria upande wa Uganda, likizo ya Agosti. Visiwa ni 84, ila tunalenga Bugala, kisha Bukasa au Banda.

Kufika Bugala si tatizo. Meli ya Nakiwogo, Entebbe, kwa kawaida huondoka saa nane mchana na kurudi asubuhi, hivyo ukichelewa umepoteza siku nzima. Kupitia Masaka, kivuko cha Bukakata hadi Luuku ni bure, lakini nauli ya taksi kutoka Kampala inakula hiyo nafuu.

Kinachotusumbua ni kutoka kisiwa hadi kisiwa. Boti za mbao husubiri zijae, zikajazwa kupita kiasi, na mchana upepo ukivuma mawimbi hupanda. Je, kukodi boti asubuhi kwa watu sita kunalipa, au petroli itatumaliza? Maboya ya kuvaa tubebe yetu? (Ya kukodi mara nyingi mikanda imekatika.)

Pia: wapi Lutoboka (ufukweni Bugala) wanaruhusu hema na kupika wenyewe? Pesa taslimu tutabeba. Kuogelea penye matete tumeshafuta, kichocho hakina likizo.