Maji ya uzito ndani ya matairi ya nyuma ya trekta: nijaze nini, na ya zamani niyatoe vipi?

Mkulima, Bweyale

Waheshimiwa wakulima na mafundi, nawasalimu. Nina trekta iliyoletwa kutoka Uingereza ikiwa imeshatumika, na matairi yake ya nyuma, ya ukubwa wa 16.9-30, yalikuja na maji ndani ya kuongeza uzito. Tairi la kulia limeanza kuvuja kwenye valvu: unga mweupe umeshika rimu, kutu imekula chuma kuzunguka tundu la valvu, na nyasi zilizo chini yake zimekauka. Aliyeniuzia hakuweza kunieleza ni maji ya aina gani. Jirani amenishauri nimwage yote kando ya boma, kisha nijaze kulanti ya rejeta kwa kuwa haileti kutu. Nalima mahindi na soya kwa plau ya diski kwenye udongo mzito, kwa hiyo uzito nauhitaji. Lakini ng'ombe na mbuzi wangu hulala palepale ninapoegesha trekta. Naomba mwongozo wenu.

Fundi wa zana za kilimo, Masindi

Ndugu mkulima, kabla ya yote iondoe trekta mahali wanapolala mifugo. Dalili ulizozitaja ni za kloridi ya kalsiamu, chumvi ambayo wakulima wa Ulaya na Marekani huiyeyusha katika maji ya matairi ili yasigande wakati wa baridi kali, na pia kwa sababu mchanganyiko huo huwa mzito kuliko maji matupu. Sisi hatuna baridi ya kugandisha maji ndani ya tairi, hata huko Kabale kwenye baridi, kwa hiyo faida kubwa ya chumvi hiyo haituhusu, ilhali hasara yake, yaani kutu inayotoboa rimu, tunaibeba yote.

Kulanti naomba uikatae kabisa. Nyingi zina ethilini glaikoli, ambayo huharibu figo za binadamu na za wanyama, na ladha yake ni tamu, hivyo mnyama akiikuta imetuama chini ya tairi atailamba bila kusita. Spiriti ya methanoli nayo ni sumu, tena inashika moto. Kwa hali ya Uganda jibu ni maji safi, hasa ya mvua, kwa sababu maji ya visima vingine yana chumvi. Jaza robo tatu ya tairi na uiache robo iwe hewa, kwa maana maji hayabonyei na tairi lililojaa maji matupu hupokea kila pigo la barabara bila kulegea. Matairi yote mawili yawe na kiasi kilekile cha maji ya aina moja. La kushoto nalo ulibadilishe sasa.

Rimu isuguliwe, ioshwe kwa maji mengi na ipakwe rangi kabla ya kufunga tyubu mpya. Ikihitaji kuchomelewa, tairi livuliwe kwanza lote. Kuchomelea rimu yenye tairi, hata lisilo na upepo, kunaweza kulipua tairi na kuua watu.

Dereva wa trekta, Jinja

Naongeza kuhusu kazi yenyewe, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoumia. Tairi la ukubwa huo hubeba zaidi ya lita 200, yaani zaidi ya kilo 200 juu ya uzito wa gurudumu lenyewe, na likimwangukia mtu hakuna wa kulizuia kwa mikono. Toa maji gurudumu likiwa bado limefungwa kwenye ekseli. Chagua ardhi ngumu, weka vizuizi kwenye magurudumu mengine, inua kwa jeki, kisha tegemeza ekseli kwa stendi au magogo imara. Valvu ikiwa juu, toa upepo wote. Ndipo uizungushe hadi chini na kuacha maji yatoke. Simama pembeni, vaa miwani ya kazi na glavu, na watoto wasikaribie.

Wakati wa kujaza, valvu irudi juu kabisa. Tanki lililowekwa mahali pa juu linatosha kusukuma maji, ila usimamishe mara kwa mara ili hewa ipate kutoka. Maji yakifika usawa wa valvu, robo tatu imetimia. Wakati wa kukalisha ukingo wa tairi kwenye rimu usizidishe upepo wa psi 35. Ukigoma, toa upepo, paka sabuni na uanze upya.

Afisa ugani, Gulu

Pima pia kama uzito huo wote unahitajika. Weka alama kwenye tairi, lima kwa kina chako cha kawaida hadi gurudumu lizunguke mara 10, kisha rudia umbali uleule plau ikiwa juu. Ukihesabu mizunguko kati ya 8.5 na 9, utelezi, yaani gurudumu kuzunguka bila kusogeza trekta, ni asilimia 10 hadi 15, na hiyo inafaa kwa kulima. Ikiwa 8 au pungufu, ongeza uzito. Ikiwa karibu 10, trekta ni nzito mno: inakula dizeli na kushindilia udongo. Kwa upungufu mdogo mimi hupendelea vyuma vya kufunga kwenye magurudumu, kwa sababu huondolewa msimu wa kuvuta trela ukifika.

Mkulima, Bweyale

Nawashukuru sana. Je, maji nitakayoyatoa niyapeleke wapi? Shamba langu linapakana na kinamasi.

Fundi wa zana za kilimo, Masindi

Yasiguse kinamasi wala kisima. Yakinge kwenye mapipa ya plastiki yenye vifuniko, yaandike kuwa ni sumu, na umwone afisa mazingira wa wilaya akuelekeze pa kuyapeleka. Yakiwa ya kijani au ya buluu, yachukulie kuwa ni glaikoli, na mtu yeyote asiyaonje ili kuyatambua. Pale yalipovuja pazungushie miiba, kwa sababu ng'ombe watafuata chumvi.