Pikipiki CG125 ya zamani imehamia Mbeya: jeti ipi ya kabureta?

Mpanda_Uyole: Wakuu, heshima kwenu. Nina Honda CG125 ya zamani, kabureta ya Keihin. Dar ilikuwa safi kabisa. Tangu nihamie nayo Mbeya, nikinyonga mafuta hadi mwisho inakohoa na kutoa moshi mweusi, plagi ina masizi kama sufuria ya kuni. Sailensi haina shida. Jeti kubwa (kile kiskurubu chenye tundu la kupitisha petroli ndani ya kabureta) imeandikwa 105. Fundi mmoja anataka niweke kabureta nzima ya hizi bodaboda mpya, wa pili anasema nishushe sindano ya kabureta, wa tatu niweke jeti ya 98. Nimsikilize nani?

GiaTano: Mkuu, angalia inakohoa wapi. Unapoanza kuvuta hadi robo ni jeti ndogo. Robo hadi robo tatu ni sindano. Kuanzia hapo hadi mwisho ni jeti kubwa. Yako inasumbua mwisho, kwa hiyo sindano iache. Mbeya mko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, lakini jeti inamwaga petroli ya kipimo cha Dar. Punguza, ila usirukie 98. Jaribu 102, kisha 100.

Fundi_Spana10: Kabureta za bodaboda zinaingia, maana injini nyingi za Kichina zimetokana na hiyohiyo CG. Lakini nayo inakuja na jeti yake, hujui ya mwinuko gani, utarudi palepale. Na mtu asikuchokonolee jeti kwa waya! Niliwahi kuletewa moja, nikaielekeza juani: tundu limekuwa kama yai. Imeandikwa 100, inapitisha zaidi.

Pwani_Msa: Kaka, dukani beba jeti yako ya zamani. Namba za Keihin hufuata upana wa tundu, 100 ni kama milimita moja. Nyingi za Mikuni, kampuni nyingine ya kabureta, hufuata kiasi cha mafuta yanayopita. Namba zikifanana usiamini.

DT_Makete: Wenzangu, msipunguze kwa tamaa. Mimi yangu ni ya kuchanganya petroli na oili, nilipunguza mno, ikawa nyepesi inaruka, nikafurahi. Plagi ilikuwa nyeupe kama chaki, nikapuuza. Tulipofika chini ya mteremko wa Kitonga, kwenye hewa nzito, pistoni ikang'ang'ania. Kahawia ndiyo rangi unayoitafuta.

Mpanda_Uyole: Nimerudi, ahsanteni sana. Chujio la hewa lilijaa vumbi, nililiosha kwanza, nafuu ikawa kidogo tu. 102 bado ilikohoa. Jana nimeweka 100, nikapanda Mlima Nyoka mafuta yote, nikabana klachi na kuzima injini papo hapo, nikafungua plagi kando ya barabara: kahawia, kavu. Moshi hakuna. Ile 105 nimeifunga kwenye kitambaa pamoja na bisibisi. Nikisafiri Dar naibadilisha Iringa, kabla sijaanza kuishuka hiyo Kitonga.