Ukiondoa mali na malezi, uungwana unabaki na nini?

Tafakuri ameuliza:

Ndugu zangu, naomba tulijadili kwa utulivu jambo ambalo limenishughulisha kwa muda. Tunapomwona mtu na kusema kwamba ana hadhi yake, au kwamba ni muungwana, mara nyingi tunataja yale yanayoonekana haraka: mavazi yaliyomkaa vizuri, sauti isiyopaa, lugha safi, namna ya kuketi na ya kushika kijiko. Hayo yote ama hununuliwa ama hufundishwa nyumbani. Aliyezaliwa katika nyumba yenye nafasi huyapata bila jasho, na aliyepata fedha ukubwani anaweza kumlipa mtu amfundishe. Swali langu ni hili: tukiyaweka kando yote yatokanayo na mfuko na yatokanayo na wazazi, je, kuna kitu kinachobaki ambacho tunaweza kukiita uungwana? Na kama kipo, kinaonekana wapi?

Nauliza kwa sababu ya jambo nililolishuhudia kazini. Kijana aliyekuwa mgeni katika idara alikuwa akisoma taarifa ya mapato mbele ya wakuu, akataja jumla ya mwaka uliopita badala ya jumla ya mwaka huu. Mmoja wa wakurugenzi, mtu aliyesoma sana na anayejua adabu zote za mezani, alicheka kwa sauti na kumwuliza kama huko alikosoma walimfundisha kuhesabu. Chumba kizima kikacheka naye. Mama mmoja wa masjala, ambaye cheo chake kilikuwa cha chini kuliko vyote mle ndani, alinyoosha mkono akasema kwamba huenda nakala aliyompelekea kijana ilikuwa ya zamani, akaomba ruhusa alete mpya. Nakala haikuwa ya zamani. Safu mbili za tarakimu zilikuwa zimepangwa sambamba, na kijana alisoma ile isiyohusika. Yule mama alilijua hilo, kijana alilijua, na nadhani hata mkurugenzi alilijua. Kicheko kilikatika, kijana akapata pumzi, akaisoma taarifa yake hadi mwisho.

Sina shaka kwamba muungwana mle chumbani alikuwa mmoja, lakini nashindwa kueleza alikuwa na nini hasa ambacho mkurugenzi hakuwa nacho. Je, ni huruma tu? Watu wenye huruma walikuwemo wengi, na walinyamaza.

Mama Wawili amejibu:

Mwanangu Tafakuri, jibu umelikaribia mwenyewe uliposema kwamba wenye huruma walikuwemo na walinyamaza. Huruma ni hisia, na mtu anaweza kuwa nayo tele isimfae yeyote. Alichokuwa nacho mama wa masjala ni uwezo wa kusitiri. Wazee walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama, yaani hujihifadhi kwa kadiri awezavyo. Pale aliyevuliwa nguo alikuwa mtu mwingine, na muungwana akawa yule aliyemrushia ya kujifunika, tena bila kusubiri kuombwa na bila kuangalia kama watu wamemwona akirusha.

Nilikuwa muuguzi tangu ujana wangu hadi nilipostaafu, na wodini tofauti hii huonekana kila siku, kwa kuwa wodi ni mahali ambapo kila mtu, awe tajiri au maskini, hupokonywa faragha yake. Nilifanya kazi na madaktari wawili waliolingana kwa ujuzi. Wa kwanza alikuwa akifika kitandani kwa mgonjwa mzee, wageni wamemzunguka, wakwe zake wakiwemo, akamwuliza kwa sauti ya kawaida kama usiku ule amejikojolea tena. Hakuwa mkali wala hakuwa na dharau. Aliuliza kwa sababu alihitaji kujua. Wa pili alihitaji kujua vilevile, lakini alianza kwa kuwaomba wageni nafasi ili ampime mzee presha, akavuta pazia, akampima presha kweli, kisha akainama akauliza swali lilelile kwa sauti ya kutosha sikio moja tu. Wagonjwa wa daktari wa kwanza walikuwa wakijibu "hapana" huku shuka zimelowa. Wagonjwa wa daktari wa pili walisema kweli, na nakumbuka mmoja ambaye tatizo lake lilipungua baada ya dawa yake ya kuongeza mkojo kuhamishwa kutoka jioni kwenda asubuhi.

Nataka uone kwamba yule wa pili alitangulia kufikiri. Kabla ya kufungua kinywa alikwishajiuliza maneno yake yatamfikaje mzee na nani mwingine atayasikia. Malezi mema yanaweza kumpa mtu mazoea ya kusema "tafadhali" na "samahani", na mazoea hayo hayapaswi kudharauliwa, lakini aibu ya mtu huja kila mara kwa sura mpya ambayo hakuna mzazi aliyeweza kuifundisha mapema. Ni lazima uwe unamtazama mtu aliye mbele yako. Wengi wetu tukiwa mbele za watu tunajitazama wenyewe.

Mizani amejibu:

Mama Wawili, shikamoo. Ndugu Tafakuri, salamu. Nimewasoma kwa heshima, lakini naona tunakwenda haraka mno, kwa sababu sifa hii tunayoisifu ina historia ambayo si safi. Mwaka 1899 mchumi wa Marekani, Thorstein Veblen, alieleza kwamba adabu za kifahari huthaminiwa kwa sehemu kubwa kwa sababu kujifunza kwake kunahitaji muda na gharama, hivyo ni ushahidi kwamba mwenye nazo hakulazimika kufanya kazi za mikono ili aishi. Mwaka 1979 mwanasosholojia wa Ufaransa, Pierre Bourdieu, alichapisha uchambuzi mrefu, uliotegemea takwimu zilizokusanywa nchini humo katika miaka ya 1960, akionyesha kwamba hata mapendeleo yetu katika muziki, picha na chakula hufuata tabaka la mtu, na kwamba walio juu huyaona ya kwao kuwa kipaji cha kuzaliwa na ya wengine kuwa upungufu. Bourdieu mwenyewe alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa posta wa kijijini, akaja kusoma Paris katika chuo walikopita watoto wa wakubwa. Alikuwa anaeleza jambo alilokutana nalo. Kwa hiyo tunaposema "tuondoe malezi", tuna hakika gani kwamba macho yetu yenyewe hayakufundishwa na waliokalia viti vya mbele?

Nina neno la pili, na hili linaniuma zaidi. Uungwana hudaiwa kwa ukali kutoka kwa walio chini. Mkurugenzi alipomdhihaki kijana, ule ulihesabiwa kuwa utani. Kijana angemjibu kwa kipimo hichohicho, siku ileile angeitwa mtovu wa nidhamu. Na tazameni nani aliyelipa gharama: mtu wa cheo cha chini kabisa alijitwika kosa lisilo lake, akahatarisha jina lake kazini, naye mkurugenzi akatoka mle chumbani bila kuguswa na neno. Zaidi ya hayo, alichosema yule mama hakikuwa kweli, na alikisema katika kikao ambacho kumbukumbu zake huandikwa. Ninamheshimu sana kwa moyo wake. Ninachouliza ni kama tunajenga sifa njema au tunawazoesha wanyonge kuwafunikia wakubwa.

Tafakuri amejibu:

Ndugu Mizani, hoja zako ni za haki na nimezipokea. Niongeze tu kwamba kijana hakuliacha jambo hilo lilipoishia: alimfuata mkuu wa idara baada ya kikao, akamweleza kwamba nakala ilikuwa sahihi na kosa lilikuwa lake, kwa hiyo mama wa masjala hakupata madhara yoyote. Hata hivyo hilo halijibu swali lako kubwa, nami naligeuza kuwa langu: je, muungwana anatakiwa kunyamaza anapoona dhuluma, ili mradi utulivu usivurugike?

Nanga amejibu:

Ndugu Tafakuri na ndugu Mizani, mimi ni mwamuzi wa riadha wa ngazi za chini, na naomba nianze na mfano wa michezo kwa sababu mle mambo huonekana mbele ya macho ya watu na kanuni zinajulikana kwa kila mmoja. Desemba 2012, katika mbio za nyika zilizofanyika Burlada, kaskazini mwa Hispania, Mkenya Abel Mutai, aliyekuwa ametwaa shaba ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya London mwaka uleule, alikuwa anaongoza kwa nafasi nzuri, akadhani amekwisha kuuvuka mstari wa mwisho, akapunguza mwendo mita chache kabla ya kuufikia. Mhispania Iván Fernández Anaya, aliyekuwa wa pili, akamkuta pale. Hakumpita. Alibaki nyuma yake akimwelekeza kwa ishara, kwa kuwa hawakuwa na lugha moja, mpaka Mutai akavuka wa kwanza. Kocha wa Fernández Anaya, Martín Fiz, bingwa wa dunia wa marathoni wa mwaka 1995, alisema hadharani kwamba yeye asingefanya hivyo. Namshukuru Fiz kwa ukweli wake, maana alituonyesha kwamba kumpita Mutai kungekuwa halali kabisa na kwamba wanamichezo wenye heshima zao wangeweza kufanya hivyo bila kuvunja kanuni yoyote. Fernández Anaya alikuwa na ruhusa ya kuchukua, akakataa kwa sababu alijua ushindi ulikuwa wa nani. Sioni tabaka mle, ndugu Mizani, wala sioni namna ya kushika kijiko. Naona mtu mwenye nguvu juu ya mwenzake kwa muda mfupi, na namna alivyoitumia.

Wapo wengine. Katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Innsbruck mwaka 1964, Mwitaliano Eugenio Monti aliwapa wapinzani wake Waingereza, Tony Nash na Robin Dixon, bolti ya sleji yake, yaani chombo cha kuteleza kwenye barafu, baada ya ya kwao kukatika. Wao wakatwaa dhahabu, yeye akapata shaba. Alipoulizwa, alishikilia kwamba Nash alishinda kwa kuwa na kasi zaidi, wala si kwa sababu ya bolti. Mimi hunigusa zaidi jibu hilo kuliko bolti yenyewe, kwa sababu wafadhili wengi hutoa kisha wakadai kukumbukwa, na anayekumbushwa fadhila kila siku hubaki mdeni asiye na njia ya kulipa.

Sasa kuhusu kunyamaza. Tarehe 20 Aprili 1964, akiwa kizimbani Pretoria, Nelson Mandela aliusema ubaya wa mfumo wa ubaguzi mbele ya jaji, kwa urefu na bila kupunguza, akamaliza kwa kusema kwamba yuko tayari kufa kwa ajili ya anachokiamini. Mwendesha mashtaka katika kesi ile alikuwa Percy Yutar. Mwaka 1995 Mandela, akiwa rais, alimwalika Yutar chakula cha mchana, na hakumwalika ili amsute. Mtu huyohuyo alisema neno zito aliposimama mbele ya wenye nguvu, na aliposhika nguvu yeye hakuitumia kumdhalilisha aliyemshtaki. Kwa hiyo siamini kwamba uungwana ni kunyamaza. Unaweza kumpinga mtu hadi mwisho wa hoja yako, ukayabomoa aliyoyasema moja baada ya jingine, na bado ukamwachia uso wake.

Mama Wawili amejibu:

Marahaba, Mizani. Umenifikirisha kuhusu yule mama kusema jambo lisilo kweli, na nakubali kwamba daktari wangu wa pili alikuwa na bahati: presha ilihitaji kupimwa, hivyo kisingizio chake kilikuwa kweli. Kikaoni pia palikuwa na neno la kweli ambalo lingetosha, kwa mfano, "Naomba turudi kwenye safu ya kulia." Hapo kicheko kingekatika na kumbukumbu zisingechafuka. Lakini fikiria ni nani angeweza kulisema kwa urahisi. Mkurugenzi mwingine yeyote angelisema huku ameegemea kiti chake, na kesho yake hakuna ambaye angemwuliza. Yule mama hakuwa na cheo cha kumrekebisha mkurugenzi kuhusu namna ya kuendesha kikao, na alikuwa na sekunde chache tu za kuamua, kwa hiyo alitoa kilichokuwa mkononi mwake, nacho ni jina lake mwenyewe. Ukiniuliza lawama iende wapi, nitasema iende kwa wenye viti vya juu walionyamaza, kwa kuwa kwao tendo lilelile lilikuwa rahisi mno na bado hawakulifanya.

Mizani amejibu:

Mama, hapo tumekutana, na Nanga amenisogeza kuliko nilivyotarajia. Nikubali basi kwamba kuna jambo linalobaki baada ya kuondoa mali na malezi, kwa sharti kwamba tuanze kulidai kwa wakubwa kabla ya kumdai kijana aliyetaja tarakimu isiyo yake. Katika vikao ninavyoviendesha nimeweka utaratibu kwamba kosa la hesabu litajwe kwa ukurasa na safu, bila jina la msomaji, na kwamba wa kwanza kulitaja awe mwenye cheo kikubwa zaidi kati ya waliolibaini. Waliokuwa wakiogopa kusoma taarifa wameanza kujitolea. Bado wako wakubwa wawili watatu wanaotaja ukurasa na safu kwa sauti ambayo kila mtu anaielewa, na kwa hao utaratibu wangu haujafaa kitu. Imebidi nizungumze nao faraghani, mmoja mmoja.