Naomba ushauri: mshale wa saa 24 unazidi kuchelewa

Wakuu, heshima kwenu. Nina saa ya mkono ya kanda mbili za saa (inaonyesha saa za sehemu mbili za dunia), ya miaka ya 1970. Mfumo wake ni ule wa zamani kama wa Rolex GMT-Master 1675: mshale wa nne, huo wa saa 24, umeunganishwa na mshale wa saa, unazunguka mara moja kwa saa 24, na kanda ya pili unaisoma kwa kuzungusha pete ya nje yenye namba za saa 24. Kutoka saa za huku Dodoma kwenda GMT, pete inasogezwa nyuzi 45 kulia, maana kila saa ni nyuzi 15.

Pete ikiwa haijasogezwa, saa sita kamili mchana mshale huo ulipaswa kulala juu ya 12 ya pete, pale chini. Sasa uko nyuma kama nyuzi 7, karibu nusu saa, na pengo linaongezeka kila nikizungusha mishale. Lingekuwa halibadiliki, ningesema ulipachikwa vibaya tu. Kwa kuwa linakua, nashuku tundu la mshale limelegea kwenye mrija wa gurudumu lake.

Fundi anataka kulibana kwa koleo. Nahofia kupasuka, tena rangi ya kung'aa ya umri huu humomonyoka na kuingia kwenye mashine. Kubana ni sahihi, au nitafute mshale mwingine? Na hapa mjini nani ana kifaa cha kupachikia mishale?