"Sorry" ya Kiingereza ni pole au ni samahani? Nimeletewa kesi kazini

Binti Muheza:
Wadau habari za saa hizi. Nipo Leeds, Uingereza, natunza wazee kwenye nyumba yao, mwaka wa pili huu. Wiki iliyopita babu mmoja kateleza kwenye korido, mi nipo huku mwisho nasukuma kitoroli cha chai, hata kumgusa sijamgusa, nikajikuta nimepiga kelele "sorry sorry babu sorry!" kama ambavyo ungesema pole pole pole. Nikamkimbilia, hajaumia sana, kachubuka kiwiko tu. Sasa mwenzangu wa zamu akajaza ile fomu ya ajali, akaandika kwamba mi niliomba msamaha mara tatu. Msimamizi kaniita ananiuliza kwa upole kabisa, kama hukufanya kosa ulikuwa unaomba msamaha wa nini? Nikakosa jibu. Kaka yangu yupo Tanga, namsimulia anacheka, anasema Kiingereza chako ndo tatizo. Kikao ni Alhamisi. Naomba mnisaidie, hii sorry yetu ni Kiingereza kibovu au wao ndo hawajui neno lao?

Mwalimu Mstaafu:
Binti, pole sana. Kwa ufupi umefanya tafsiri ya neno kwa neno. Sorry inatokana na sorrow, yaani huzuni ya mtu aliyekosa, anayeisema ni mwenye kosa. Asiye na kosa Mwingereza anauliza "are you all right?" basi. Nimefundisha Kiingereza miaka 31 na tatizo hili nalijua, hasa kwa vijana waliopitia Kayumba, yaani shule zetu za serikali, mtu anasema sorry mpaka kwa aliyepiga chafya.

Dereva wa Bajaji:
Mwalimu ulianza vizuri ukaharibu mwishoni. Kayumba imeingiaje hapo? Mi nimesoma Kayumba, darasani tulikuwa 90 na ushee, kiti changu tofali la kubeba kutoka nyumbani, na hiyo sorry nilifundishwa na mwalimu wa Kiingereza, inawezekana kabisa ni wewe.

Msomi wa Usiku:
Mwalimu heshima yako, ila hapo kwenye asili umeteleza kama huyo babu. Sorry na sorrow ni majirani tu, si ndugu wa damu. Sorry katika Kiingereza cha kale ilikuwa sarig, imetoka kwenye sar, ambayo leo ni sore, yaani kidonda, maumivu. Sorrow ilikuwa sorg, ukoo mwingine kabisa. Zikakaa karibu karne na karne mpaka zikafanana sura. Kwa hiyo mwanzoni sorry ilikuwa "naumia", kosa halikuwemo. Na mpaka leo Mwingereza mwenyewe msibani anasema "sorry for your loss", sasa niambieni, yeye ndo kamuua marehemu?

Mama Zawadi:
Bajaji usipaniki, Mwalimu kasema ukweli mchungu. Watoto wangu wapo ingilishi midiamu na tofauti unaiona kwa macho. Ada inauma ila unaona.

Dereva wa Bajaji:
Mama Zawadi swali dogo tu. Mwanao akikuta mwenzie kaanguka uwanjani anasemaje?

Mama Zawadi:
Anasema sorry. Lakini kwa matamshi mazuri.

Dereva wa Bajaji:
😂😂😂 Ada yote hiyo umenunua matamshi.

Msee wa Rongai:
Aki nyinyi watu wa TZ mnachekesha. Neno moja linafika mpaka kikao? Huku kwetu mtoto wa nasari anajua sorry. Shida ni mliambiwa Kizungu ni ya wakoloni mkaiacha, saa hii mko majuu inawasumbua. Binti ungekuwa umesomea huku hungekuwa na hiyo kesi.

Dereva wa Bajaji:
Nani, nyie? Nimekaa Nairobi miezi minne, nilikuwa napanda matatu hizo hizo za Rongai. Siku moja konda kanikanyaga kidole na buti lake, kidole hiki cha mwisho, kucha ikaja kutoka baada ya wiki mbili, akaniangalia usoni akasema "pole". Pole!! Umenikanyaga wewe halafu unanipa pole kama vile nimekanyagwa na ng'ombe aliyepita zake. Sema samahani! Mtu hajui pole ya Kiswahili anataka kutufundisha sorry ya Kiingereza.

Bi Shangani:
Hapo Bajaji kasema kweli, wallahi. Mie nimezaliwa Unguja, pole haisemi aliyekutia maumivu, anaisema aliyeyaona. Ukimpiga mtu kikumbo unasema n'samehe, unasema kunradhi, naye akiwa muungwana anakwambia bila samahani. Sasa we umwagie mtu chai ya moto umwambie pole, si atakuuliza pole ya nani na mwagaji ndiye wewe? Na pole ina jibu lake, nimeshapoa. Utapoaje na aliyekuunguza hajakuomba radhi?

Msee wa Rongai:
Kiswahili si ya Unguja peke yake mama. Huku pole ni pole, nimekukanyaga pole, umefiwa pole, umechoka pole. Kwani sorry si iko hivyo hivyo? Mbona Mzungu akiweka maana mbili ni sawa, Mkenya akiweka ni makosa?

Msomi wa Usiku:
Msee, hapo umegusa penyewe, sijui kama umekusudia. Angalieni kilichotokea. Mkenya kaichukua pole akaipa kazi zote mbili za sorry. Mtanzania kaichukua sorry akaibebesha mzigo mzima wa pole, mpaka mtu anaandikia bosi wake wa kizungu "sorry for the work" akimaanisha pole na kazi, bosi anashtuka anadhani kazi imeharibika. Wote mmefanya kitu kimoja, kila mtu kwa upande wake wa mpaka.

Dereva wa Bajaji:
Msomi usiniweke kapu moja na konda.

Mzee wa Houston:
Mi huku nafanya kazi ya ghala na Wanaijeria, wote hawa ukijigonga tu "sorry o!", hata aliyekuwa chooni akisikia anatoka na sorry yake. Waghana vilevile. Kwa hiyo Binti si wewe tu. Na mnajua Wayoruba pole wanaiitaje? Pẹlẹ. PELE. Pole na pele! Hawa walikuwa ndugu zetu, historia imefichwa.

Msomi wa Usiku:
Mzee, kufanana sauti si undugu. Pole yetu ni ile ile ya mpole, upole, polepole, imezaliwa hapa hapa nyumbani. Ila hoja yako ya kwanza ni nzito, Afrika magharibi na mashariki tumekifanya Kiingereza kitu kimoja bila kuitisha mkutano.

Mzee wa Houston:
Historia imefichwa bana.

Binti Muheza:
Jamani kikao ni Alhamisi. Niseme nini?

Mjukuu wa Mngoni:
Mnabishana konda na kidole wakati sorry yenyewe kubwa imewapita. Oktoba 31 mwaka 2023 Mfalme Charles yupo Nairobi, kwenye dhifa, anazungumzia waliyowafanyia Wakenya enzi za kudai uhuru, akasema "greatest sorrow and the deepest regret". Sorrow ipo, regret ipo, sorry hamna. Mtu mwenye lugha yake! Kesho yake Novemba 1, Rais wa Ujerumani Steinmeier yupo kwetu Songea, makumbusho ya Maji Maji, mbele ya ukoo wa Nduna Songea Mbano waliyemnyonga 1906 na fuvu lake mpaka leo linatafutwa, akasema anaomba msamaha. Kwa Kijerumani, lakini kaomba. Kwa hiyo msituambie ni neno dogo. Waingereza wanalipima kwa mizani ya dhahabu, wanajua likitoka mdomoni linaweza kuja na bili.

Msee wa Rongai:
Hapo sawa. Na 2013 Hague, waziri wao wa mambo ya nje, alisimama bungeni kwao akasema serikali inasikitika kwa dhati. Paundi milioni 19.9, wazee wa Mau Mau 5,228, gawanya uone, haifiki 4,000 kwa mtu na gharama za mawakili zimo humo humo. Tulipewa pole, samahani ilibaki London.

Dereva wa Bajaji:
Kwa hiyo leo unakubali kwamba pole na samahani ni vitu viwili 😏

Msee wa Rongai:
Wewe ulikanyagwa kidole, si shamba.

Bi Shangani:
Hahaha hapo Bajaji ukubali kwanza.

Karani wa Mahakama:
Naona Binti anauliza mara ya pili na hakuna anayemjibu. Dada, huko England ipo sheria ya 2006 inaitwa Compensation Act, kifungu cha 2 kinasema kuomba radhi peke yake hakuhesabiwi kwamba umekiri uzembe. Ontario kule Kanada nako wana sheria nzima ya mambo ya kuomba radhi, ya 2009. Kwa hiyo hata kama uliomba msamaha kweli, hilo peke yake si ushahidi wa kosa. Ila sheria hiyo ni ya madai ya fidia, fomu ya kazini ni kitu kingine, usiende kuwatishia nayo. Omba tu irekebishwe, waandike maneno uliyoyatamka, "she said sorry", wafute "apologised". Hayo ni maneno mawili tofauti na hapo ndipo kesi yako ilipo.

Msomi wa Usiku:
Karani kamaliza.

Mwalimu Mstaafu:
Kuhusu sarig nimekwenda kufungua kamusi yangu kubwa, nakubali Msomi yupo sahihi. Hata hivyo msimamo wangu kuhusu matumizi uko palepale. Neno halitumiki kwa jinsi lilivyozaliwa bali kwa jinsi wenyewe wanavyolitumia leo.

Bibie wa Hamburg:
Nachomekea tu, ndugu ya hiyo sar ya Msomi huku Ujerumani ndo imekuja kuwa "sehr", maana yake "sana". Zamani ilikuwa "kwa maumivu". Kwa hiyo Mjerumani akikushukuru sana kuna kidonda ndani yake, hilo mwaka wangu wa kwanza huku ningeliamini bila kufungua kamusi. Endeleeni.

Mama Zawadi:
Mwalimu, kumbe na wewe hukujua? Miaka 31?

Mwalimu Mstaafu:
Mama, mtaala haukuwa na Kiingereza cha kale.

Dereva wa Bajaji:
Mtaala ulikuwa na tofali.

Binti Muheza:
Ahsanteni, Karani Mungu akubariki, nimeinakili kama ulivyoandika. Niwasimulie ya leo asubuhi. Nimempelekea chai yule babu aliyeteleza, mkono ukanitetemeka ikamwagika kwenye sosa mpaka kwenye blanketi lake la magotini. Nikauma ulimi, nikasema leo sisemi neno. Nikachukua taulo. Babu kaniangalia, kaliangalia blanketi, anasema yeye: "Sorry, love."

Bi Shangani:
Yaani chai umwage wewe, radhi aombe yeye?

Binti Muheza:
Sasa nimeshindwa hata kujua alinipa pole au aliniomba msamaha wa kukaa pale chai ilipodondokea. Na yeye ndo Mwingereza kabisa, kazaliwa hapa hapa Leeds.

Msee wa Rongai:
Huyo babu ni Mkenya.

Dereva wa Bajaji:
Alhamisi utupe mrejesho Binti. Mwalimu bado hajanijibu, mtu akipiga chafya tunatakiwa tusemeje?